Nasaba ya Bunduki za Marisau

Mwezi wa Oktoba 2010, katika mji mdogo wa Fairfield ulio jimbo la Maine huko Marekani, ilinadiwa bunduki moja ya marisau yenye kasiba mbili, kazi ya kampuni ya Ansley H. Fox ya Philadelphia, na mnada ulipofungwa bei yake ilikuwa imefika dola 862,500, fedha ambayo bunduki ya namna hiyo haikupata kuifikia mnadani kabla ya siku ile. Chuma chake kilikuwa safi, mti wake mzuri, na nakshi zake zilichorwa na mkono wa fundi hodari, lakini bunduki nyingine za daraja lile lile zilizotoka katika karakana ile ile huuzwa kwa sehemu ndogo ya bei hiyo. Tofauti iliyolipiwa haikuwamo katika chuma wala katika mti. Ilikuwamo katika habari zilizofungamana na nambari yake, 13292, na katika karatasi zilizothibitisha kwamba habari hizo ni za kweli.

Bunduki hiyo ilikuwa ya Theodore Roosevelt. Alipewa na Fox mwenyewe mapema mwaka 1909, siku alipokuwa akitoka katika urais wa Marekani na kujiandaa kwa safari ya Afrika Mashariki pamoja na mwanawe Kermit na wataalamu wa viumbe waliofuatana naye kwa niaba ya jumba la Smithsonian la Washington. Alishuka Mombasa mwezi wa Aprili mwaka ule, akapanda gari la moshi hadi stesheni ya Kapiti, akazunguka katika nchi ambazo leo ni Kenya na Uganda, kisha akaufuata mto wa Naili hadi Khartoum, alikofika Machi 1910. Ipo barua aliyomwandikia Fox akiisifu zawadi hiyo kwa maneno mengi. Na kitabu cha safari yake, African Game Trails, kilichochapishwa 1910, kinaitaja Fox hiyo miongoni mwa silaha alizokuja nazo, tena kinawataja kwa majina wabeba bunduki wake wa kwanza, Muhamed na Bakari. Mimi huyahesabu majina hayo mawili kuwa na uzito sawa na jina la mwenye mali, kwa kuwa katika safari kama ile silaha ilishinda begani mwa mbebaji, naye ndiye aliyeisafisha jioni na kujua kama ina kilema. Roosevelt alifariki 1919, na bunduki ikakaa katika ukoo wake miaka mingi kabla ya kutoka nje. Barua, kitabu, nambari na urithi vilipowekwa pamoja havikuacha pengo la kutiliwa shaka.

Msomaji aliyekulia pwani akasoma chuoni hatapata taabu kuielewa kazi hii, maana wanazuoni wa hadithi waliifanya karne nyingi zilizopita, wakauliza juu ya kila neno lililopokewa: nani amelisema, amelisikia kwa nani, na je, wawili hao walipata kuonana? Mfuatiliaji wa bunduki adimu hana swali jingine. Anatafuta sanadi iliyoungana, kutoka kwa fundi hadi kwa mnunuzi wa kwanza, kutoka kwake hadi kwa mrithi au mnunuzi wa pili, mpaka afike kwa mtu anayeishika leo. Na panapokatika mlolongo huo, anapaswa kusema wazi kwamba umekatika, wala asijaze pengo kwa dhana yake.

Si kila bunduki ina nasaba ya kufuatiliwa. Magobori yaliyomiminika pwani kwetu katika karne ya 19, ya gumegume kwanza na ya fataki baadaye, mengi yakitoka Birmingham ya Uingereza na Liège ya Ubelgiji, yalifuliwa kwa maelfu ili yauzwe kwa jumla, yakapita Zanzibar kwenda bara pamoja na misafara ya pembe, hata mkataba wa Brussels wa 1890 ukaja kuiwekea mipaka biashara hiyo. Hakuna daftari lililoandika nani alilipata gobori lipi. Ama bunduki bora za London zilikuwa jambo la namna nyingine kabisa. Joseph Manton, fundi aliyefariki 1835, aliwafundisha kazi watu ambao baadaye walimpita kwa jina, miongoni mwao James Purdey aliyefungua karakana yake 1814. Wakaja na wengine, Boss, na Holland aliyeanza 1835, na Westley Richards aliyekuwa amekwisha kuanza Birmingham mwaka 1812. Mafundi hawa hawakuunda bunduki kisha wakamngoja mnunuzi. Mnunuzi alikuja kwanza, akapimwa mkono, bega na shingo ili kitako kichongwe kwa mwili wake, akachagua uzito, urefu wa kasiba na namna ya nakshi, naye fundi akayaandika yote chini ya nambari moja isiyorudiwa. Kwa sababu ya maandishi hayo, mtu wa leo anaweza kuuliza juu ya bunduki ya 1880 na kupata jibu.

Kabla ya kuyaendea madaftari, mfuatiliaji huisoma bunduki yenyewe, na usomaji huu unataka subira, mwanga mzuri na kioo cha kukuzia. Kwanza huhakikisha kwamba haina kiasi ndani, yaani lile ganda lenye baruti na marisau. Kisha huondoa kipande cha mti kilicho chini ya kasiba, huusukuma wenzo wa juu, huikunja bunduki, na kuzichomoa kasiba zikae peke yake mkononi. Hapo bunduki huwa vipande vitatu, na katika bunduki ya kweli ya London nambari ile ile itaonekana penye kasiba, penye sanduku la mitambo, penye chuma cha kile kipande cha mti, na penye chuma kilichopinda kukinga kifyatulio. Nambari zikihitilafiana, basi bunduki mbili zimeungwa kuwa moja, au kasiba zilibadilishwa baada ya kuharibika. Jambo hili la pili si hila, kwa kuwa wenye mali wengi waliirudisha bunduki kwa aliyeiunda ili atie kasiba mpya, ila lazima lijulikane na kuandikwa.

Juu ya ukanda wa chuma unaoziunganisha kasiba mbili huandikwa jina la muundaji na mtaa wake, na mtaa huo peke yake ni shahidi wa tarehe. Purdey alikaa Oxford Street tangu 1826 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1880, kisha akahamia jengo la Audley House katika South Audley Street, mahali kampuni ilipo hata leo. Kwa hiyo nambari ya miaka ya 1860 ikikutwa chini ya maandishi ya Audley House, mfuatiliaji hujua mara moja kwamba kasiba au ukanda ulitiwa baadaye. Chuma nacho kina lugha yake. Kasiba za zamani zilisokotwa kwa nyuzi za chuma na pua, zikaonyesha mawimbi ambayo wenyewe waliyaita ya Damascus, ilhali kasiba za chuma cha Joseph Whitworth, kilichokandamizwa kingali cha moto na majimaji, zilipigwa chapa ya mganda wa ngano.

Chini ya kasiba, mahali pasipoonekana bunduki ikiwa imefungwa, ndipo penye mihuri ya majaribio, na kwa rai yangu hapa ndipo penye elimu tamu kuliko mahali popote katika chuma chote. Sheria za Uingereza ziliamuru kila kasiba ijaribiwe kwa baruti nyingi kuliko ile itakayotumika, ili ikiwa ni dhaifu ipasuke mbele ya mjaribu wala isije ikapasuka usoni mwa mnunuzi. Iliyosalimika ikapigwa muhuri. London kazi hii ilikuwa ya chama cha mafundi wa bunduki kilichopata hati ya mfalme mwaka 1637, na Birmingham ikapata nyumba yake ya majaribio kwa sheria ya Bunge ya 1813. Mihuri ilibadilika kila sheria ilipobadilika, na mabadiliko hayo ni neema kwa mchunguzi. Maneno ya kukataza matumizi ya risasi moja nzima yalipigwa kwenye kasiba zilizobanwa mdomoni baina ya 1875 na 1887. Herufi NP chini ya taji ni za Birmingham za 1904 na kuendelea, basi ukiziona katika bunduki ambayo daftari linasema iliuzwa 1892, ujue kwamba ilijaribiwa tena baada ya kuuzwa, pengine kwa sababu mwenyewe alitaka kuhama kutoka baruti nyeusi kwenda baruti isiyotoa moshi.

Ipo na tarakimu inayoeleza upana wa tundu. Bunduki huitwa ya kumi na mbili kwa kuwa ratili moja ya risasi ikigawanywa katika tufe kumi na mbili zilizo sawa, kila tufe huingia barabara katika tundu lake, nalo huwa na upana wa inchi 0.729, karibu milimita 18.5. Mafundi wa zamani hawakupiga 12 katika kila bunduki ya aina hiyo. Iliyokuwa nyembamba kidogo ilipigwa 13, yaani inchi 0.710. Sasa chukua kipimo, ukitie ndani ya kasiba iliyopigwa 13, nacho kikujibu 0.729. Maana yake ni kwamba fundi fulani, katika miaka iliyopita, aliikwangua kasiba kwa ndani ili kuondoa kutu na mashimo, na ukuta wa chuma umekonda kuliko ulivyokuwa siku ya jaribio. Bunduki hiyo ni hatari kwa mpigaji, na Uingereza ni kosa kuiuza mpaka ijaribiwe upya. Mtu asiyejua huona chuma kinachong'aa akafurahi.

Baada ya chuma huja daftari. Purdey, Holland & Holland, Boss na Westley Richards wangali na vitabu vyao vya zamani, vilivyoandikwa kwa wino na makarani waliokwisha kufa, na mwenye bunduki akipeleka nambari, naye akalipa ada, huandikiwa hati inayoeleza ilikamilika lini, aliyeiagiza ni nani, kasiba zilikuwa na urefu gani, uzito ulikuwa kiasi gani, na iliuzwa peke yake au pamoja na pacha wake. Lakini vitabu vya mafundi wengine wengi, hasa wa Birmingham, vilipotea karakana zilipofungwa, au zilipouzwa, au mabomu yalipoushukia mji katika vita vya pili vya dunia. Huko Marekani, Parker Brothers wa Meriden, Connecticut, waliounda bunduki takriban 242,000 na kununuliwa na Remington mwaka 1934, waliacha vitabu vya maagizo na vya ghala ambavyo havikuhifadhiwa vyote, ila vilivyobaki vimetunzwa vizuri, na ipo jumuiya ya wapenzi wa bunduki hizo inayovichambua na kutoa barua za ushahidi. Kumbukumbu za Winchester, na za L.C. Smith pia, zimo katika jumba la makumbusho la Cody, Wyoming.

Hati ya kiwandani humpa mfuatiliaji mwanzo wa sanadi. Mwisho wake anao mkononi, kwa kuwa bunduki iko mbele yake na mwenyewe anajulikana. Taabu yote ni katikati, katika miaka themanini au mia ambayo hakuna karani aliyelazimika kuandika lolote, na hapo ndipo mtafiti hodari anapotengana na mfanyabiashara mwenye haraka. Husoma wasia zilizosajiliwa mahakamani, na orodha za mali ya marehemu, na matangazo ya minada ya zamani. Hutazama kibandiko cha ndani ya sanduku la ngozi, akikumbuka kwamba masanduku huhama kutoka bunduki moja kwenda nyingine. Huangalia kile kibandiko kidogo cha dhahabu au fedha chini ya kitako, ambacho juu yake matajiri walichorewa herufi za majina yao au nembo ya ukoo. Mabwana wa Uingereza walikuwa na desturi ya kuandika vitabu vya windo, na wengine waliandika kwa uangalifu wa kustaajabisha: Lord Ripon aliandika kila kilichouawa na bunduki zake tangu 1867 hadi alipofariki 1923, jumla ikapita 556,000, naye alifia uwandani akiwa katika windo. Idadi hiyo inanisikitisha, sifichi. Lakini kwa anayefuatilia bunduki zake, kitabu kama hicho huonyesha siku kwa siku mahali mwenyewe alipokuwa na watu aliokuwa nao.

Jozi nazo zina msiba wake. Mabwana hao walipiga kwa bunduki mbili zilizofanana kwa kila kitu, moja ikipigwa na nyingine ikijazwa na mtumishi aliyesimama nyuma, nazo zilitiwa 1 na 2 kwa dhahabu. Baba alipokufa, kila mwana alichukua moja. Mmoja akahamia Kanada, mwingine akaiuza yake ili alipe deni, na leo namba 2 iko huku na namba 1 haijulikani iliko. Wapo watu waliotumia miaka mingi kuzitafuta bunduki zilizotengana na kuzikutanisha tena, na jozi iliyokutanishwa, ikiwa daftari linaithibitisha, hupata bei kubwa kuliko bunduki mbili zikiuzwa mbalimbali. Bara Hindi nalo lina mlango wake katika habari hii. Wafalme wadogo wa huko waliagiza London na Birmingham silaha nzuri kupita kiasi, na Maharaja Duleep Singh wa Punjab, aliyenyang'anywa ufalme akingali mtoto akahamishiwa Uingereza, alihesabiwa miongoni mwa wapigaji hodari wa zama zake. Basi baada ya uhuru wa 1947, na zaidi baada ya 1971 serikali ya India ilipofuta posho za wafalme hao, ghala za majumba zilifunguliwa na silaha nyingi zikarudi Ulaya na Marekani kwa mikono ya wafanyabiashara, mara nyingine bila ya barua yoyote.

Penye thamani hapakosi ghiliba, na ghiliba za bunduki ni za aina nyingi. Ya zamani kuliko nyingine ni ya jina. Bunduki duni za Ubelgiji ziliandikwa majina yaliyokaribiana na ya mafundi wakubwa, kama W. Richards kwa kumpoteza mtu aliyesikia sifa za Westley Richards, na jina la Manton lilibandikwa juu ya chuma ambacho Manton hakukigusa. Ila aliyezichomoa kasiba ataona chini yake muhuri wa Liège, herufi ELG ndani ya umbo la yai, na maneno ya juu yatakosa nguvu. Ya pili ni ngumu zaidi. Fundi wa leo huchukua Parker ya kweli ya ngazi ya chini, akafuta nakshi chache zilizokuwapo, akachora nyingine za kifahari, akabadilisha mti, kisha ikauzwa kama ya ngazi ya juu. Kila kitu ni cha Parker, nambari ni yake, na jicho halioni kasoro. Kinachoiumbua ni kitabu cha maagizo, kinachosema kwamba nambari hiyo iliondoka Meriden ikiwa ya ngazi ya chini iitwayo VH. Ya tatu ni ya hadithi: bunduki nzuri isiyo na habari hupewa mwenyewe mashuhuri, na hadithi hiyo hurudiwa na kila muuzaji mpaka ikasadikiwa.

Hata wasio na nia mbaya huingia katika mtego huu wa mwisho, na mfano ninaouona kuwa na mafunzo kuliko mingine ni wa Ernest Hemingway, mwandishi aliyekuja Kenya na Tanganyika 1933 akaongozwa na Philip Percival, ambaye alikuwa katika nchi hizi tangu siku za Roosevelt. Hemingway alijiua nyumbani kwake Ketchum, Idaho, Julai 1961, kwa bunduki ya marisau. Kitabu kikubwa cha maisha yake, kilichoandikwa na Carlos Baker na kutoka 1969, kilisema bunduki hiyo ilikuwa Boss, na kwa miaka arobaini waandishi wakanakili maneno hayo, mmoja kutoka kwa mwingine, hata wingi wao ukaonekana kama ushahidi, ilhali wote walikuwa wakimtegemea mtu mmoja. Kisha watafiti watatu, Silvio Calabi, Steve Helsley na Roger Sanger, wakaanza upya katika kitabu chao cha 2010 juu ya bunduki za Hemingway. Hawakuuliza watu husema nini. Waliuliza liko wapi daftari linaloonyesha kwamba Hemingway alipata kumiliki Boss, wala hawakulipata. Walizitazama picha zake za miaka mingi, bunduki moja baada ya nyingine, wakilinganisha umbo la wenzo, la kitako na la mitambo. Bunduki yenyewe haikuwapo tena, maana jamaa zake waliikatisha vipande baada ya msiba, jambo ambalo hakuna mwenye moyo atakayewalaumu. Hata hivyo uchunguzi wao uliwafikisha kwenye rai kwamba ilikuwa W. & C. Scott ya Birmingham, bunduki ya mashindano ya kulenga njiwa, ambayo Hemingway anaonekana nayo katika picha nyingi. Walifanya kile ambacho wenzao wote waliotangulia wangaliweza kukifanya.

Kwetu nako, baadhi ya nyumba za Afrika Mashariki, hasa zilizorithi mali kutoka kwa wakulima wakubwa, maafisa wa zamani au wafanyabiashara, zina bunduki ya marisau iliyokuwa ya babu, nayo ina hati ya polisi. Hati hiyo ihifadhiwe hata ikiwa imekwisha muda na kufuatiwa na nyingine, kwa kuwa nambari, jina na tarehe zilizomo ni kiungo halisi cha sanadi. Na ikiwa mwenye hati amefariki, warithi waende kituo cha polisi mapema, maana silaha haihamishwi kama shamba au kitanda. Chuma kisisuguliwe kwa msasa wala kupelekwa kwa fundi wa kung'arisha, kwa sababu mihuri ya majaribio ina kina kifupi kama ukucha, na ikifutwa haisomeki tena. Picha ya babu akiwa ameishika itolewe nakala, na nyuma yake iandikwe mahali, mwaka, na majina ya wote wanaoonekana, wa mbele na wa nyuma. Kisha wazee waulizwe ilinunuliwa wapi na kwa nani, majibu yao yaandikwe kama walivyoyasema, pamoja na jina la aliyejibu na siku aliyojibu.